Chini ya Ol Doinyo Lengai kuna jiwe au kuna moto wa majimaji? Na joto lake ni nyuzi ngapi?

DerevaWaNatron (Mto wa Mbu)

Wakuu, heshima kwenu. Naomba wenye elimu ya miamba mnisaidie.

Mimi ni dereva wa watalii, na njia yangu kubwa ni Mto wa Mbu kwenda Engare Sero, pale chini ya Ol Doinyo Lengai. Wageni hupanda mlima usiku ili jua lisiwakute njiani. Wakishuka wamechoka, lakini maswali ndiyo kwanza yanaanza. Safari hii nilikuwa na mume na mke. Mume anasema chini ya ganda la dunia kuna bahari ya mwamba ulioyeyuka na mabara yanaelea juu yake. Mke anasema hapana, ni jiwe kwa maelfu ya kilomita. Wakabishana hadi kambini, mwisho wakanigeukia mimi. Nikasema nitawatafutia jibu la uhakika na kuwatumia.

Kinachonichanganya zaidi ni joto. Waongozaji wa pale mlimani wanasema lava ya Lengai ina nyuzi 500 hadi 600 za Sentigredi. Mtandaoni nasoma kwamba koti la dunia, yaani lile tabaka nene kati ya ganda tunaloishi juu yake na kiini, lina nyuzi 1,300, na kwingine wameandika 4,000. Kijana wangu wa kidato cha pili naye amefundishwa kwamba ukishuka kilomita moja joto linapanda nyuzi 25 hadi 30. Akachukua kalamu, akazidisha 30 kwa kilomita 2,900 za kufikia kiini, akapata 87,000. Jua lenyewe usoni pake lina nyuzi 5,500 tu. Nimeirudia hesabu yake, kuzidisha hakuna kosa.

Sasa ipi ni kweli? Na kama ni jiwe, volkano zinatoa nini?

Kiboko_wa_Tabora

Mkuu usihangaike, ni majimaji hayo. Volkano ikilipuka inatoa uji wa moto, na huo uji unatoka chini. Sote tulichora shuleni: ganda jembamba juu, katikati nyekundu tupu.

Mchorongaji (Shinyanga)

Kaka Dereva, mwandikie yule mama kwamba yuko sahihi. Ni jiwe. Na wewe Kiboko nakuomba usome hadi mwisho, kwa sababu ile rangi nyekundu ya kwenye daftari ndiyo iliyotupotosha wengi.

Nimesomea miamba, na kazi yangu ni kusoma mawe yanayotoka kwenye mashimo ya uchorongaji, hasa ya kutafuta almasi. Mwamba wa koti la dunia nimeushika mkononi, nimeukata, nimeutazama kwa lenzi. Katika fani hii hakuna kitu ninachokipenda zaidi, kwa hiyo mnivumilie nikiandika kwa urefu.

Nianze na matetemeko, maana ndiyo yaliyotufungulia mlango. Tetemeko hutoa mawimbi ya aina mbili yanayopenya ndani ya dunia. Mawimbi ya P yanasukuma na kuvuta mwamba kuelekea upande yanakokwenda, na yanapita popote: kwenye jiwe, kwenye maji, hata kwenye hewa. Mawimbi ya S yanautikisa mwamba kwenda kando. Kimiminika hakishiki mtikisiko wa namna hiyo, kwa hiyo wimbi la S likikifikia linafia hapo hapo. Mwaka 1909 Andrija Mohorovičić, akichambua rekodi za tetemeko lililotokea karibu na Zagreb, aliona kwamba mawimbi yakifika kina fulani yanaongeza kasi kwa ghafla. Huo ndio mpaka wa ganda na koti. Chini ya bahari kuu mpaka huo upo kama kilomita 7 kutoka sakafu ya bahari. Chini ya mabara kwa kawaida ni kilomita 30 hadi 50. Kuanzia hapo hadi kina cha kilomita 2,890 mawimbi ya S yanapita, tena kwa jumla yanazidi kukimbia: kama kilomita 4.5 kwa sekunde kule juu, zaidi ya 7 kule chini. Yakifika 2,890 yanakatika. Hapo kimeanza kiini cha nje, ambacho ni chuma kilichoyeyuka. Kwa hiyo bahari anayoisema yule mume ipo, ila ni ya chuma, na juu yake kuna karibu kilomita 2,900 za jiwe. Kwa ujazo, jiwe hilo ni zaidi ya asilimia 80 ya dunia yote.

Zipo sehemu chini ya mabamba, yaani vile vipande vikubwa vya mwamba mgumu vilivyobeba mabara na bahari, ambako mawimbi ya S yanapunguza mwendo, na huenda katikati ya chembe za mwamba kuna asilimia ndogo iliyoyeyuka. Ni ndogo kweli. Hakuna bamba linaloelea juu ya kimiminika.

Sasa joto. Namba zako za mtandaoni, 1,300 na 4,000, zote ni kweli, kila moja na mahali pake. Chini tu ya mabamba, pale mwamba unapoanza kuwa mlegevu, joto ni nyuzi 1,300 hadi 1,400. Kwenye kina cha kilomita 410 ni karibu 1,500, na kwenye 660 karibu 1,600. Baada ya hapo linapanda polepole sana hadi kwenye 2,500 hivi, na katika kilomita mia mbili tatu za mwisho linaruka kuelekea 4,000, kwa sababu pale mwamba umegusana na chuma cha kiini.

Utauliza: basalti, lile jiwe jeusi la volkano, hapa juu inayeyuka kwa nyuzi 1,100 hadi 1,200, mbona koti halijayeyuka? Ni mgandamizo. Kwenye kina cha kilomita 100 uzito wa mwamba ulio juu unabana kwa nguvu mara 30,000 ya ile ya hewa tunayovuta. Chini kabisa, pale kwenye mpaka wa kiini, ni zaidi ya mara milioni 1.3. Mwamba ukitaka kuyeyuka lazima kwanza upate nafasi, maana ukiyeyuka unatanuka. Ukibanwa hivyo nafasi haipo. Mwamba wa koti unaitwa peridotaiti. Ukiuweka hapa juu ya ardhi utaanza kuyeyuka kwa nyuzi 1,100 hivi. Kilomita 100 chini, ukiwa mkavu, hauyeyuki mpaka ufike karibu 1,450. Kwa maneno mengine, jiwe la koti lina joto linalotosha kabisa kuyeyuka, ila halijaruhusiwa.

Lakini jiwe hili linatembea, na hapa ndipo watu wanapokwama. Nenda kwa mhunzi utazame chuma kilichowiva kwenye makaa: hakidondoki wala hakimwagiki, bado ni kigumu, lakini kinakubali kupindwa. Mwamba wa koti uko katika hali ya namna hiyo, na mwendo wake ni sentimita chache kwa mwaka. Ushahidi wake unaonekana Uswidi na Finlandi. Zamani za barafu nchi zile zilibeba barafu nene ya kilomita kadhaa na ardhi ikadidimia. Barafu imekwisha kuyeyuka maelfu ya miaka iliyopita, na hadi leo pwani ya Ghuba ya Bothnia inanyanyuka karibu sentimita moja kila mwaka, kwa sababu mwamba wa koti uliosukumwa pembeni bado unarudi mahali pake. Kama ungekuwa majimaji ungekwisha kurudi siku nyingi. Kama ungekuwa mgumu usiosogea kabisa, ardhi isingenyanyuka.

Hesabu ya kijana wako nayo inajibiwa na mwendo huo huo, na mpongeze, swali lake ni zuri kuliko majibu mengi ninayoyaona mtandaoni. Nyuzi 25 hadi 30 kwa kilomita ni za ganda la juu, ambako mwamba umetulia na joto linapenya kutoka chembe hadi chembe. Jiwe ni kipitishi kibaya sana cha joto, ndiyo maana tofauti kati ya juu na chini inakuwa kubwa. Ukishafika kwenye koti linalosogea, mwamba wenyewe unapanda na joto lake na kushuka na ubaridi wake, mambo yanachanganyika. Pale joto linaongezeka kwa nusu nyuzi tu kila kilomita. Usizidishe 30 kwa 2,900. Zidisha kwa kilomita za mwanzo, kisha badilisha kanuni.

Nije kwa Lengai yako, maana inastahili. Nyuzi 500 hadi 600 ni kweli, zimepimwa kreta ikiwa hai, lakini hilo ni joto la lava ile peke yake, usilichukue kama kipimo cha koti. Lava ya Lengai ni ya kaboneti, imejaa sodiamu, na ndiyo volkano pekee hai duniani inayotoa lava ya namna hiyo. Wewe umeiona: inatoka nyeusi, nyepesi inakimbia, usiku inang'aa wekundu hafifu tu, na baada ya muda mfupi inavuta unyevu wa hewa na kuwa nyeupe. Chumvi za namna hiyo huyeyuka kwa joto dogo. Kule chini mama yake alikuwa mwamba wa kawaida ulioyeyuka, wenye silika (madini yaliyomo kwenye mchanga) na hewa ya kaboni nyingi, na moto zaidi. Sehemu ya kaboneti ikajitenga ukiwa karibu na juu. Ukitaka lava yenye joto la kukaribia lile la koti, tazama Kilauea ya Hawaii, nyuzi 1,150 na kuendelea, na hiyo nayo imekwisha kupoa kidogo njiani.

Na jibu la Kiboko: volkano zinatoa nini kama chini ni jiwe? Jiwe huyeyuka kwa njia tatu, na cha ajabu hakuna hata moja inayohitaji kuongeza moto. Ya kwanza, mwamba ukipanda, mgandamizo unapungua, na joto lake lile lile linatosha kuyeyusha sehemu yake. Hiyo ndiyo inayotokea chini ya Bonde la Ufa, ambako bamba linavutwa na kuwa jembamba na koti linapanda kuziba nafasi. Ya pili ni maji: pale bamba la bahari linapozama chini ya jingine, kwa mfano Japani, maji yanayotoka kwenye bamba hilo yanashusha kiwango cha kuyeyuka. Ya tatu ni hewa ya kaboni, inayofanya kazi kama hiyo ya maji, na huku kwetu inahusika sana. Kwa kawaida kinachoyeyuka ni asilimia chache za mwamba. Matone hayo yanajipenyeza juu, yanakusanyika kwenye ganda, na hayo ndiyo tunayoyaona yakitoka. Yaliyobaki, ambayo ni karibu yote, yanabaki jiwe.

FundiVisima (Naivasha)

Asante sana dada, umefafanua vizuri. Mimi niko upande wa mvuke hapa Olkaria, ambako mtambo wa kwanza ulianza mwaka 1981 na megawati 15. Visima vyetu vinashuka hadi kilomita 3 na chini joto linapita nyuzi 300. Ukigawanya unapata zaidi ya nyuzi 100 kwa kilomita, si 30. Na kule Menengai, Nakuru, mashine zilipofika kama kilomita 2 zilileta juu vipande vya kioo kipya cha volkano, maana yake walikaribia magma, yaani mwamba ulioyeyuka, au waliigusa. Si hiyo inaonyesha koti liko karibu?

Mchorongaji (Shinyanga)

Fundi, nimefurahi umeleta Menengai. Hapana, ile ni magma iliyokwisha kupanda na kujikusanya ndani ya ganda. Koti lenyewe bado liko makumi ya kilomita chini yenu. Ndiyo maana Olkaria ni pa moto: joto limeletwa juu na magma, na maji ya ardhini yanalisambaza. Mahali hapo pametajirika kwa joto kuliko ardhi ya kawaida.

Tazama upande wa pili. Mgodi wa Mponeng huko Afrika Kusini unakaribia kilomita 4, na mwamba wake una nyuzi 60 na kitu. Wachimbaji wanapelekewa barafu iliyosagwa ili hewa ivutike. Kilomita 4, nyuzi 60. Ninyi kilomita 3, nyuzi 300. Mponeng imekaa juu ya bara kongwe, nene na baridi. Huku Shinyanga nasi tuko juu ya bara kongwe la namna hiyo, Bonde la Ufa limelizunguka pande mbili bila kulipasua katikati. Na kule Kola, Urusi, walikochoronga hadi mita 12,262 mwaka 1989, shimo lenye kina kirefu kuliko yote, walikuta nyuzi 180. Walitarajia 100 hivi. Mwamba ulikuwa unalegea na kuziba shimo, wakashindwa kuendelea, na hata nusu ya ganda la pale hawakuwa wamefika.

DerevaWaNatron (Mto wa Mbu)

Dada Mchorongaji, Mungu akubariki. Umesema umelishika jiwe la koti. Kama kilomita 12 tu zimeshindikana, mmelipataje?

Mchorongaji (Shinyanga)

Tumeletewa. Kaka, wewe unapita jirani nalo. Ukitoka Arusha kuelekea Makuyuni kuna kilima karibu na Monduli kinaitwa Lashaine. Ni volkano ndogo ya kale, kwa macho haina makuu, lakini wasomi wa miamba wanaijua dunia nzima, kwa sababu ilipolipuka ilibomoa vipande vya kuta za njia yake na kuvitupa juu vikiwa vizima. Baadhi vimetoka kina cha zaidi ya kilomita 100.

Nikueleze kimoja ninachokifahamu vizuri. Kwa nje ni donge la duara la ukubwa wa ngumi, lina ganda jembamba la lava nyeusi, ungelipita bila kugeuka. Likikatwa kwa msumeno wa almasi na kuloweshwa maji, ndani ni kijani cha manjano: hiyo ni olivini, chembe zimeshikana zimebanana. Katikati yake kuna madoa ya kijani kikali mno, ni piroksini yenye kromiamu. Na kuna ganeti, nyekundu inayoelekea zambarau. Weka lenzi kwenye ganeti. Utaona kila punje imezungukwa na ukingo mweusi mwembamba. Ule ukingo ulitengenezwa njiani: ganeti ya namna hii inatulia kwenye mgandamizo mkubwa tu, na jiwe lilipokuwa linapanda mgandamizo ukaisha ghafla, ganeti ikaanza kugeuka kuwa madini mengine kuanzia pembeni kuingia ndani. Haikumaliza. Kwa hiyo tunajua safari ilikuwa ya haraka. Tena mawe haya ni mazito kuliko magma iliyoyabeba, ingekwenda taratibu yangezama.

Na humo humo ndimo tunaposoma joto. Aina mbili za piroksini zikikaa pamoja zinagawana kalsiamu kulingana na joto la mahali. Alumini iliyomo kwenye piroksini iliyo jirani na ganeti inategemea mgandamizo, yaani kina. Unaweka kipande kwenye mashine, unapima, unapata kina na joto la mahali jiwe lilipokuwa kabla halijang'olewa. Mawe ya ganeti ya Lashaine yanasema nyuzi 1,000 na kitu. Hakuna aliyeshuka huko na kipimajoto, lakini hii si ramli. Ni kipimo, na maabara nyingi zimekirudia.

Kwa sehemu za chini zaidi, wanasayansi wanabana punje ya olivini katikati ya ncha mbili za almasi huku wanaipasha moto, wanatazama ni kwenye mgandamizo gani na joto gani inabadilika umbo. Matetemeko yanatuambia mabadiliko hayo hutokea kwenye kina cha kilomita 410 na 660. Ukiunganisha mambo hayo mawili unapata joto la pale. Zile 1,500 na 1,600 nilizoandika juu zimetoka huko.

Kiboko, kama kweli uko Tabora, na kwenu kupo. Vilima vya Igwisi, magharibi mwa mkoa, ni volkano za kimbalaiti, yaani mwamba ule ule unaobeba almasi kutoka kilomita 150 na zaidi. Kimbalaiti nyingi duniani zina makumi au mamia ya mamilioni ya miaka; ya Mwadui ina kama milioni 50. Igwisi imepimwa ikaonekana ina miaka kama 12,000 tu. Ndiyo changa kuliko zote zinazojulikana, na bado ina vilima vyake na lava yake juu ya ardhi. Ningependa kila mtoto wa Tabora alijue hilo.

Kaka Dereva, ukipeleka wageni Lashaine pitieni kwanza kwa uongozi wa kijiji, na mawe myatazame myaache palepale.

Mzanzibari_Maskati

Assalaam alaykum. Nimesoma yote kwa raha. Mimi nachimba visima vya maji huku Oman, upande wa Samail. Milima ya huku ni kahawia kwa nje, imeungua jua, ukiipasua ndani ni kijani cheusi kinachoteleza, ina mishipa myeupe. Walimu wa chuo waliokuja walituambia ndiyo hiyo hiyo mantili, koti la dunia, mlima mzima. Na maji ya baadhi ya chemchemi si ya kunywa: tukipima pH inapita 11, vidimbwi vyake ni vya buluu na juu vinafanya utando mweupe. Dada, jiwe la kilomita mia chini limekaaje mlimani, na haya maji yanatokana na nini?

Mchorongaji (Shinyanga)

Wa alaykum salaam. Kaka, unaishi mahali ambapo kila mtu wa fani yangu anatamani kufika. Walichowaambia ni kweli. Koti la kwenu halikutoka kina kirefu kama la Lashaine, lilikuwa chini ya ganda la bahari, na ganda hilo ni jembamba. Miaka kama milioni 95 iliyopita kipande cha sakafu ya bahari, ganda pamoja na koti lililo chini yake, kilisukumwa kikapanda juu ya ukingo wa Arabuni badala ya kuzama. Mmomonyoko ukafanya yaliyobaki. Kuna mabonde huko, Wadi Tayin mojawapo, ambako mtu anaweza kutembea kwa miguu kutoka kwenye ganda hadi kwenye koti.

Maji yale ni jiwe linavyokutana na dunia ya juu. Olivini haikuzoea maji. Mvua ikipenya kwenye nyufa, olivini inageuka sapentini, ndicho hicho kijani kinachoteleza, na inatoa haidrojeni. Maji yanabaki na kalsiamu nyingi na ukali wa magadi. Yakitoka nje yanavuta hewa ya kaboni kutoka angani na kutengeneza chokaa: huo ndio utando mweupe, na mishipa myeupe mingi ni mambo hayo hayo. Kuna wataalamu wanaojaribu kuharakisha kazi hiyo Oman ili kaboni ya angani ifungwe iwe jiwe, na mimi naifuatilia kwa matumaini makubwa.

Mwaka 2023 meli ya uchorongaji JOIDES Resolution ilitoboa mwamba wa namna hii katikati ya Atlantiki, kwenye mlima wa chini ya bahari uitwao Atlantis Massif, wakapata mita 1,268. Ni shimo refu kuliko yote kwenye peridotaiti ya baharini. Nao walikwenda mahali ambapo koti limeletwa juu, hawakulazimika kutoboa ganda zima.

Neema_wa_Pwani

Mimi nilisoma kwamba ndani ya koti kuna maji mengi kuliko bahari zote. Sasa kama kuna nyuzi 1,500 maji yanakaaje? Na jingine: dunia ina miaka bilioni 4.5, mbona haijapoa?

Mchorongaji (Shinyanga)

Neema, maji hayo si ya kumwagika, hakuna ziwa wala pango. Mwaka 2014 ilitangazwa almasi kutoka Juína, Brazili, iliyokuwa na punje ndogo mno ya ringiwudaiti, umbo ambalo olivini huchukua kati ya kilomita 520 na 660. Punje hiyo ilikuwa na maji kama asilimia 1 ya uzito wake, na maana yake ni haidrojeni na oksijeni zilizoshikwa ndani ya fuwele yenyewe. Ukiipasua hailowi. Ila tabaka lile ni kubwa sana, kwa hiyo hata asilimia ndogo ikizidishwa inaleta namba za kutisha. Kama tabaka lote limejaa hivyo, punje moja haitoshi kusema, na vichwa vya habari vilikimbia mbele ya ushahidi.

Kuhusu kupoa, inapoa, lakini mwendo wake ni wa pole mno. Dunia yote inatoa joto la kama wati trilioni 46 au 47 kupitia usoni pake. Sehemu ni joto la tangu ilipoumbwa, mawe ya angani yakigongana na chuma kikizama kwenda katikati. Sehemu nyingine, karibu nusu, inatengenezwa sasa hivi na madini nururifu, yaani yanayotoa mionzi: urani, thoriamu na potasiamu. Hili nalo limepimwa. Atomi za madini hayo zikivunjika hutoa chembe ndogo zinazopenya dunia nzima, na mwaka 2005 kituo cha KamLAND huko Japani kilitangaza kwamba kimezinasa zikitoka ardhini.

Koti linakadiriwa kupoteza nyuzi 50 hadi 100 kwa kila miaka bilioni. Alama za joto la zamani zipo hapa hapa Afrika. Kwenye bonde la mto Komati, Barberton, Afrika Kusini, kuna lava ya miaka kama bilioni 3.5 iitwayo komatiaiti, jina limetokana na mto huo. Inakadiriwa ilitoka ikiwa na nyuzi kama 1,600, na ilipopoa haraka olivini yake ilikua kwa vijiti virefu vyembamba vilivyopishana, unaviona kwa macho matupu. Kabla ya miaka bilioni 2.5 iliyopita lava ya aina hiyo ilikuwa ya kawaida. Baada ya hapo inakuwa adimu, na changa inayojulikana sana ni ya kisiwa cha Gorgona, Kolombia, yapata miaka milioni 90 iliyopita.